Msindikizaji wa Mama Zuhura

Jumamosi, 4 Oktoba
Kikundi chetu cha wasiosikia vizuri kama kawaida, chumba cha darasa la nne, viti kwa duara ili kila mtu aone midomo ya mwenzake. Tumekuja tisa tu. Msimu wa korosho, wengine wako mashambani wanaokota. Nimefundisha lilelile: usiitikie usichokisikia. Sema wazi, "Sisikii vizuri, rudia." Wamesema baada yangu kama watoto wa chekechea. Mzee Chilumba kasinzia.

Mama Zuhura kaja na kitambaa sikioni. Usaha tena. Unanuka, maskini, wenzake wanasogeza viti. Kumbe anatia mafuta ya nazi ya moto! Nimemfokea. Jumanne hospitali, msindikizaji mimi. Ndio utaratibu wetu: asiyesikia kabisa husindikizwa na anayesikia kidogo. Wote wanajua sikio langu la kulia ni zima.

Si zima. Tangu Juni si zima. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 7 Oktoba
Foleni tangu saa moja asubuhi. Daktari kijana, mpole, barakoa usoni. Aliongea huku anaandika, kichwa chini. Nilisikia "dawa". Nilisikia "mama". Mengine mvumo tu. Mama Zuhura akawa ananitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa, naye akaitikia. Daktari akainua kidole, akasema jambo kwa mkazo. Nikaitikia tena. Mwalimu mzima! Niliona haya kumwambia mtoto yule avue barakoa.

Kwenye daftari lake la matibabu, mwandiko wa kuku. Vidonge nimevitambua. Sentensi ya mwisho, iliyopigiwa mstari, imenishinda.

Nje akaniuliza kwa mikono, kasemaje? Nikamwonyesha vidonge. Meza, utapona.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimepita kwake jioni. Nyuma ya sikio pamevimba, sikio limesukumwa mbele. Mwili wa moto. Nimejiambia dawa haijaanza kufanya kazi. Ile sentensi inanisumbua. Bomba halijatoa maji wiki nzima, nikamwachia ndoo moja. Ndoo!

Jumamosi, 11 Oktoba
Hajaja kikundini. Wameuliza hali yake, nikasema anaendelea vizuri. Mungu anisamehe.

Tulipotawanyika nimekwenda mbio. Nimemkuta anakunywa chai, inamwagika pembeni mwa mdomo, mwenyewe hana habari. Mdomo umekwenda upande. Akisimama anashika ukuta. Jirani anasema karogwa. Laiti angekuwa karogwa.

Nimelichukua lile daftari hadi duka la dawa. Dada wa pale kasoma mara moja tu, kisha kaninakilia kwa herufi kubwa: ARUDI ALHAMISI BILA KUKOSA. UVIMBE UKIZIDI, AJE SIKU HIYOHIYO.

Alhamisi nilikuwa mlangoni kwake na ndoo.

Nakwenda kutafuta gari. Ninaogopa. Akifa, nimemuua mimi.

Jumapili, 12 Oktoba
Tumeondoka Newala jana ileile kwa gari la kukodi, hadi Masasi. Njia nzima kalala mapajani mwangu, anatapika. Zuhura, bintiye, anauza vitenge sokoni Masasi. Katupokea kwenye geti la hospitali, hana hata viatu. Safari hii nimemwambia daktari waziwazi: sisikii, niandikie. Akaandika. Usaha umekaribia ubongo, anapasuliwa sasa hivi.

Mbona haikuwa ngumu? Maneno mawili tu. Najichukia.

Jumatatu, 13 Oktoba
Hajaamka. Zuhura hali kitu. Mimi nakula, tena nakula sana, sijui kwa nini.

Jumatano, 15 Oktoba
Kaamka. Atapona, wanasema. Sikio ndio basi tena, na mdomo huenda usirudi ulivyokuwa. Kanishika mkono, hakutaka kuuachia mpaka usingizi ulipomchukua.

Mchana Zuhura kaja na kapu. Shikamoo mwalimu, marahaba. Kapiga magoti kunishukuru. Eti bila mimi mama yake angekuwa kaburini. Nimemwinua.

Tukakaa benchi moja, ananiangalia usoni kama ninavyowafundisha watu wote. Wodi ilikuwa kimya. Akauliza polepole, "Mwalimu, ile siku ya kwanza kule Newala, daktari aliwaambia nini?"

Nilimsikia neno kwa neno.

Nikaweka kiganja sikioni. "Sijasikia, mwanangu."

Akanitazama kidogo. Hakurudia. Akatoa chungwa kapuni, akanimenyea.