Pedi Isiyoumiza Mkono

Jumamosi, 1 Juni 2024

Tumeshinda tatu kwa moja. Naandika "tumeshinda" kwa kuwa hapa hakuna wa kusoma. Abdiel, huko Mtwara, anadhani amefungwa na baba yake. Amefungwa na Pudensiana.

Niweke wazi sasa, maana kesho sijui kama vidole vitakubali. Kila Jumamosi saa kumi jioni mimi na mwanangu tunacheza gemu ya mpira kwenye kompyuta, kila mtu kwake. Mimi navaa hedifoni na kuongea. Tangu Pasaka vidole vyangu havitii. Nataka kitufe kimoja, vinabonyeza vinne. Hata haya naandika kwenye simu kwa kidole kimoja, na herufi zinajirudia, nafuta, zinajirudia. Hivyo Pudensiana, mpangaji wa chumba cha uani, fundi cherehani, hukaa pembeni yangu na kibodi mapajani. Yeye anafunga, mimi natamba. Haruhusiwi kukohoa.

Leo Abdiel amesema nitafute pedi, ile ya gemu, ya kushika kwa mikono miwili. Kibodi itaniumiza vidole. Nitafute iliyo laini mkononi na isiyoharibika upesi. Kisha akasema winga wangu anakimbia kama mwizi wa ndizi aliyesikia mbwa. Nimecheka mpaka kifua kimeuma.

Jumapili, 2 Juni

Mchungaji ameniletea Meza ya Bwana nyumbani, kwa kuwa ngazi za kanisa zimenishinda. Kabla sijapokea akaniuliza kama kuna neno linalonilemea. Nikasema hakuna. Nikaupokea mkate. Ningemwambia nini — magoli?

Basi niungame hapa. Daktari amemwambia Anneth, binti yangu ninayeishi naye, kwamba moyo umechoka, na kutetemeka huku hakurudi nyuma. Kama nitaifikia Krismasi, hakugusia. Nimemkataza Anneth asimwambie kaka yake. Nimemwapisha kwa jina la marehemu mama yao. Nilijifanya namwonea huruma Abdiel, yuko mbali, ana kazi. Uongo. Ni kwa ajili yangu.

Kwetu Meru baba hataniwi na mwanawe. Wa kutaniwa ni babu. Mimi na Abdiel tumeishi miaka yote hiyo kwa shikamoo na marahaba, na katikati yake kimya. Alipofariki Marta, mama yao, hata kile kimya kikawa kizito zaidi. Halafu akaja likizo na gemu hii, akaniwekea, akanifundisha. Siku ya kwanza nilipomfunga — mimi mwenyewe, wakati huo mikono ilikuwa yangu — alipiga kelele: "Mzee, umenivizia kama paka!" Nilikaa kitini nikiwa nimepigwa na butwaa. Hakuna mtu aliyekuwa ameniita paka tangu nikiwa mtoto.

Akijua, utani utakwisha. Atachukua ile sauti ambayo kila mtu anaitumia kwangu sasa. Sauti ya wodini.

Nataka mechi moja. Moja tu nicheze mwenyewe, anitanie mimi, si mikono ya Pudensiana.

Jumanne, 4 Juni

Baridi. Mlima haujaonekana tangu juzi, mawingu yamekalia hadi migombani. Anneth yuko kazini mjini. Nimemwandikia ujumbe: "Ukipita dukani ninunulie pedi. Iwe laini, isiumize, na idumu." Kuandika hivyo kumenichukua muda wa kuivisha maharage.

Amejibu: "Sawa Baba. Usijali kabisa."

Binti mwelewa.

Jumatano, 5 Juni

Sijatoka chumbani.

Jana jioni Anneth aliingia na kitu kilichofungwa gazetini. Akakiweka chini ya mto. Akanishika bega, akatoka. Nikafungua. Pedi. Za wazee. Za kuvaa! Laini, haziumizi, zinadumu usiku kucha, imeandikwa hivyo kwenye pakiti.

Nilimwita kwa sauti ambayo sijaitumia tangu niache kufundisha. Nikamwambia nilitaka pedi ya gemu. Akaweka kiganja mdomoni. Nilidhani anacheka. Hakuwa anacheka.

"Nisamehe, Baba," akasema. "Nilidhani ni kwa ajili ya mashuka."

Kumbe anajua. Asubuhi zote zile nilizoamka kabla ya jogoo, nikayasuuza kwenye beseni, nikayaanika nyuma ya migomba nikisingizia jasho — alikuwa anajua. Alisubiri niseme mwenyewe. Na aliposoma ujumbe wangu alidhani hatimaye nimesema. Alifurahi, maskini.

Jana nilivaa. Nimeamka mkavu. Hilo ndilo lililonivunja.

Alhamisi, 6 Juni

Pudensiana amesikia yote, ukuta wa uani ni mwembamba. Amecheka waziwazi, ameshika mlango asianguke. Akasema Kiswahili kilipanda mlima kwa miguu, kilipofika kwa Wameru kilikuwa hoi. Nikamwambia Wachaga wenzake hawakukisubiri, walikifuata njiani wakakiuza. Akasema, "Mwalimu, bado unauma wewe." Yeye peke yake hana sauti ya wodini.

Baadaye aliona nimegeukia ukuta. Akaacha kucheka. Akasema Jumatatu tutakwenda mjini wenyewe.

Jumamosi, 8 Juni

Tumeshinda mbili bila. Karibu na mwisho Pudensiana alikohoa. Abdiel akauliza kama tuna mgeni. Nikasema redio. Akasema, "Sawa, Baba." Hakutania tena mpaka mwisho. Labda mtandao.

Jumatatu, 10 Juni

Tumekwenda. Bajaji mpaka Kaloleni, nikashuka kama gunia. Duka liko karibu na uwanja wa mpira, limejaa waya na spika. Mwenyewe anaitwa Sakaya, kijana mrefu, mpole. Akanipa shikamoo na stuli. Akauliza, pedi ni ya mjukuu?

Nikasema ndiyo. Pudensiana akanitazama. Hata pale, mbele ya mtu nisiyemjua, nimeikana mikono yangu.

Ya kwanza ilikuwa nzito. Viganja vilining'inia kama mgomba uliolemewa na mkungu. Ya pili nyepesi, mchina mtupu, inalia ndani kama boksi la njiti za kiberiti. Sakaya akaichomeka kwenye kompyuta yake anionyeshe. Hakuna aliyeigusa, na mchezaji akaanza kutembea mwenyewe, polepole, kuelekea nje ya uwanja. Akasema hizi za bei chee ndivyo zinavyokufa: kijiti cha kidole gumba kinalegea, kinaanza kujiendea. Unataka huku, kinakwenda kule. Nikamwambia naujua ugonjwa huo. Hakuelewa.

Ya tatu ilinikaa. Mgongo wa mpira wenye vipele, haitelezi hata kwenye jasho. Vitufe laini, vinazama kwa kuguswa tu. Waya mrefu, hakuna betri ya kuhangaika nayo. Niliifumba viganjani na kwa muda vidole vilikaa. Sikutaka kuirudisha mezani.

Sakaya akasema ina mtetemo pia. Mchezaji akipigwa teke, pedi inatetemeka mkononi, vijana wanaupenda sana. Nikauliza unazimwaje. Akashangaa, mjukuu hataupenda?

"Mjukuu anao wa kwake tayari," akasema Pudensiana.

Akanionyesha pa kuuzimia. Akaifunga vizuri, akalipigapiga boksi. Akasema hii ni orijino, miaka kumi bado mtakuwa nayo. Pudensiana akasema basi tutaiingiza kwenye mirathi. Wakacheka wote wawili. Na mimi nikacheka. Kwenye bajaji nimeikumbatia hadi nyumbani, na njia nzima nilikuwa nahesabu nani ataipata.

Jumatano, 12 Juni

Pedi ni nzuri. Niandike hivyo kwa haki. Haiumizi popote, mkono unapumzika juu yake kama juu ya mtoto aliyelala.

Nimecheza na Pudensiana asubuhi nzima. Nikitaka kupiga pasi, napiga shuti. Nikitaka shuti, mchezaji anajirusha chini. Kidole gumba cha kushoto kinapaswa kusukuma kijiti mbele. Kinasukuma, kinarudi, kinasukuma, kinarudi. Mchezaji wangu anacheza ngoma katikati ya uwanja huku wenzake wanamsubiri.

Pudensiana ameshona mikanda miwili ya lastiki, ameitoa kwenye mabaki ya sare za kwaya, amenifungia viganja kwenye pedi. Sasa haidondoki. Lakini wa kulaumiwa yuko hapa kitini, wala si pedi. Tangu Pasaka nilikuwa na kibodi ya kuilaumu. Sasa sina kitu. Nimenunua iliyo bora dukani na imenionyesha kila kitu.

Ee Bwana. Kwa mechi moja tu.

Ijumaa, 14 Juni

Loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa, imenishinda, ingawa Anneth ameiponda ikawa uji. Ameniuliza tena kuhusu kaka yake. Anasema Abdiel hupiga simu kazini kwake, anauliza maswali, na yeye hana tena mahali pa kujificha. Nimesema bado. Akasema, "Baba, mpaka lini?" Nikamwonyesha mgongo.

Kesho Pudensiana hatashika kitu.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika mechi ikiwa imesimama. Sijui kama itaendelea.

Nilimwambia Pudensiana abaki na cherehani yake, na aishone kwa kelele. Anneth akanifunga mikanda. Abdiel akaingia hewani saa kumi, mchangamfu, akasema leo anakuja kulipa kisasi. Nikasema njoo. Sauti yangu ilikuwa nzuri, nilikuwa nimeifanyia mazoezi.

Goli la kwanza akasema, "Mzee, kipa wako amekwenda kunywa chai?" Ah! Alinisema mimi. Ni mimi niliyefungwa, mikono hii. Nilijibu kwamba chai ya Mtwara haina majani. Akacheka. Niliona kama nimepona.

La pili akatania kidogo. La tatu hakusema kitu. Nikamwambia cheka basi, umeninyoa. Beki wangu alikuwa anaizunguka bendera ya kona, sikuweza kumtoa. Halafu nikaona wachezaji wa Abdiel wamesimama. Mpira uko mguuni mwao, goli liko wazi, hawaendi. Nikamwambia cheza. Hawakwenda. Nikamwambia tena, nadhani kwa ukali.

Akasema, taratibu: "Baba. Leo ni wewe mwenyewe?"

Cherehani nyuma ya ukuta ikanyamaza.

Akasema kumbe alijua tangu Pasaka. Mtu aliyekuwa akicheza hakukosea hata kitufe, na mimi sijawahi kuacha kukosea. Akasema ndiyo maana alinihimiza pedi. Alitaka ninunue, nijaribu, nimwambie mwenyewe. Sikumwambia. Akauliza, sasa imekuwa tangu lini, ni mikono tu au kuna lingine?

Wote walikuwa wananisubiri niseme. Yule mashuka, huyu magoli.

Nikasema ni mikono tu.

Kisha akasema, "Pole, Baba."

Pole! Nilitaka utani, nimepewa pole. Ile sauti. Imefika hadi Mtwara.

Akasema nisikate, anampigia Anneth. Ni sasa hivi. Simu yake imelia sebuleni. Nimesikia Anneth akisema shikamoo kaka, halafu anasikiliza tu. Sasa analia. Kiapo cha mama yao anakivunja, nasikia kinavunjika.

Nimefungua mkanda wa kulia ili kidole kiandike. Mkono wa kushoto bado umefungwa kwenye pedi. Kwenye skrini wachezaji wake wamesimama hivyohivyo, wananisubiri, mpira mguuni. Nikibonyeza kitufe kimoja naweza kuuchukua. Goli lake liko kule mbele, na njia iko wazi. Hedifoni bado ziko masikioni, nasikia pumzi yake kwa mbali akiongea na dada yake. Hajakata.

Mtetemo niliuzima tangu Jumatatu. Nimeangalia tena sasa hivi kwenye mipangilio. Umezimwa. Nimeiweka pedi juu ya meza, mkono juu yake, na meza yote inatetemeka.