Siku tuliyokwenda kwa Rais na wifi wa Neema

Jumapili, jioni. Joto limeikalia Uvira tangu asubuhi, na mvua inazungukazunguka upande wa Burundi bila kutaka kuvuka ziwa. Miguu inaniuma kwa safari ya jana. Roho inaniuma zaidi, na leo sitajifanya.

Nina wivu.

Nimeliandika peke yake ili nilione. Mimi mwalimu wa darasa la tatu, mimi ambaye majirani wa hapa Kalundu wananiletea ugomvi wao niuamue, nina wivu juu ya mwanamke ambaye hajanikosea kitu. Angekuwa amenikosea ningefurahi. Ningekuwa na pa kuanzia.

Jana tulikwenda kwa Rais. Kama kuna anayesoma hapa na si mtu wa huku, asishtuke: hakuna Rais. Ni nyumba tu ya mapumziko aliyojengewa rais mmoja wa zamani kule juu milimani, enzi ambazo saruji na vioo ndivyo vilikuwa fahari ya nchi. Ukisimama bandarini asubuhi kabla ukungu haujashuka unaiona, mstari mweupe ulionyooka kati ya migomba na anga. Rais alikwisha kwenda zake, nyumba ikabaki, na sisi tumebaki tukisema "kwa Rais" kama tunavyosema kwa jirani.

Neema ni mdogo wangu. Mama yetu alifariki Neema akiwa bado wa kubebwa mgongoni, baba akaoa Bukavu, na mgongo uliobaki ulikuwa wangu. Nilifanya mazoezi ya hesabu nikiwa nimembeba. Ndiyo sababu mtaa mzima unaniita Mama Neema, hata wazazi wa wanafunzi wangu, hata mchungaji. Jina langu mwenyewe linajulikana kwa mkurugenzi wa shule na kwa watu wa sensa. Mungu hakunipa mtoto mwingine.

Jioni alipokuwa akimlilia mama, nilikuwa namtoa uani namwonyesha ile nyumba nyeupe. Namwambia kule kuna vitanda laini, kuna maziwa, kuna taa zisizozimika, na siku moja mimi na yeye tutapanda. Akanyamaza kwa hadithi hiyo mara nyingi sana. Baadaye akakua, barabara ikawa mbaya, halafu ikawa na askari, halafu hatukuwa na gari, halafu akaolewa.

Basi juzi Clarisse, wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, anayefanya biashara Bujumbura, alikuja kututembelea. Neema akamwambia tu kwamba tangu utoto anatamani kuiona nyumba ile. Clarisse akapiga simu moja. Jumamosi asubuhi jeep ilikuwa mlangoni kwangu, na matairi yake mapya.

Simu moja!

Nilipotoka nje nikawakuta wamekaa nyuma wote wawili, na wote wawili wamevaa kitenge kimoja, kile cha ndege wa kijani. Mtu asiyejua ataona nguo. Mimi nimekuwa nikinunua kitenge kizima na Neema tangu alipoanza kuvaa kitenge, tunakigawana, anashona wake ninashona wangu, na Sikukuu ya Pasaka tunatoka nacho watu waone sisi ni wa nyumba moja. Nilikuwa nimevaa cha mwaka jana, cha maua mekundu, nikiamini naye atavaa chake. Nikasalimia vizuri. Clarisse akataka kunipisha mahali pake karibu na Neema, nikakataa, nikaenda kukaa mbele na dereva. Halafu njia nzima nikawa nakasirika kwamba nimekaa mbele na dereva.

Kupanda kulitumaliza. Ziwa lilikuwa likishuka na kupanuka kila tulipokata kona, na hewa ikawa ya baridi, ile baridi inayonuka ng'ombe na moshi wa mikaratusi. Mimi nilikuwa nageuka kila mara. Neema, funga sweta. Neema, kunywa maji. Neema, ukisikia tumbo linavuta, sema. Ana mimba kubwa, ni ya kwanza, amebakiza wiki chache tu. Clarisse alikuwa amempa bega alalie.

Mwenye funguo ni mwanamke mmoja anayeitwa Mama Rebeka, mtu wa kule juu kwenye ng'ombe. Mumewe ndiye mlinzi, lakini funguo anazo yeye, amezifunga kwenye ncha ya kitenge chake. Alitutazama wote watatu, akalitazama tumbo la Neema, akauliza mama yake ni nani kati yetu, ili ajue nani wa kumpa kiti. Nikajibu kabla swali halijakaa vizuri, kwamba ni mimi.

"Ni minye."

Mama Rebeka akaniletea kiti. Nikakikalia kidogo, kwa raha niliyoionea aibu baadaye, nikimtazama Clarisse aliyesimama. Neema alikuwa ameangalia chini.

Sasa nyumba. Lazima niseme ukweli hata kama nilienda nikitaka kuichukia: ni nzuri. Paa lake ni bapa moja la saruji linalotokeza mbele kupita ukuta, kama ukingo wa kofia ya polisi, na limekaa juu ya nguzo nyembamba hata unaogopa kupiga chafya. Hakuna pembe za urembo, hakuna nguzo za kujionyesha, hakuna simba wa plasta getini. Sebule imechimbwa chini, unashuka ngazi na kukuta viti vya saruji vilivyojengwa kwa mviringo, vinavyotazama ukuta mzima ambao zamani ulikuwa kioo. Vioo vingi vimekwisha, wameweka mbao, lakini wameacha pengo pana katikati, na katika pengo hilo limejaa ziwa lote, na bandari yetu, na hata paa la shule yangu ukijua pa kutafuta. Nikafikiri: mtu aliyekaa hapa alituona sisi wote kila siku, na mimi kutoka kule chini nilikuwa namwonyesha mtoto nyumba yake kwa kidole. Nikaionea wivu hata saruji.

Bafu la mke wa Rais lina vigae vya buluu na karai la kuogea la mviringo lililozama sakafuni. Ndani yake mbuzi alikuwa amelala. Clarisse alipiga picha, akacheka hadi akashika ukuta, na Neema akacheka naye. Wana kicheko kimoja siku hizi. Neema zamani alikuwa anacheka kama mimi.

Halafu tukaingia chumba cha watoto.

Ni chumba kidogo kuliko vingine, na kwenye ukuta wake kuna sinki la kunawia lililowekwa chini sana, usawa wa goti, ili mtoto anawe mwenyewe bila kubebwa. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Neema alikipenda kuliko ziwa. Alichuchumaa kwa shida, akaweka mikono chini ya bomba lisilo na maji, akawa anaisugua. Clarisse akainama naye, akasema kwa sauti yake ile tamu, kama anayeendeleza maongezi ya jana:

"Tutakuwekea sawa na hii mu chumba chako kule Bujumbura. Fundi atakuja kesho kutwa, mbele ya kuzala."

Nikauliza chumba gani.

Clarisse akamtazama Neema. Neema akaendelea kunawa mikono.

Huku kwetu mtoto wa kike akipata mimba ya kwanza anarudi kwa mama yake kujifungua. Mama ndiye anayemkanda kwa maji ya moto, ndiye anayemwogesha mtoto mpaka kitovu kikatike, ndiye anayemfundisha binti kushika kichwa kile kidogo. Hilo halijadiliwi. Mimi nilishapaka rangi chumba cha nyuma. Vitabu vya shule nimevihamishia chini ya kitanda changu. Nimeongea na jirani aniletee majani ya kuchemshia maji, nimenunua beseni, nimechana mashuka ya zamani na kuyafua hadi yakalainika. Kila aliyepita uani ameniona nikiyaanika, na kila aliyeuliza nimemjibu kwa majivuno. Na kumbe chumba kingine kilikuwa kinajengwa ng'ambo ya mpaka, chenye sinki.

Nikatoka, maana neno lililokuja mdomoni lisingerudi. Nyuma ya nyumba kuna bwawa la kuogelea ambalo halina maji siku nyingi. Mama Rebeka amelijaza udongo na kupanda maharagwe na kabichi. Nikakaa ukingoni, miguu juu ya maharagwe, nikamtukana Clarisse kimoyomoyo kwa Kiswahili, kwa Kifuliiru na kwa kile Kifaransa kidogo cha shule. Gari lake. Simu yake. Ndege wake wa kijani. Nikamwita mwizi wa watoto. Kinachoudhi ni kwamba hata katikati ya matusi nilikuwa najua ni mtu mwema, na kwamba hospitali ya kule ni bora, na nilikuwa natafuta kwa bidii kasoro moja tu ya kushikilia.

Neema alikuja mwenyewe. Alichukua muda mrefu kukaa, na sikumsaidia. Tukatazama kabichi.

"Dada, usimukasirikie Tantine," akasema, maana ndivyo anavyomwita Clarisse. "Ni minye nilimuomba."

Sikuelewa. Nikadhani anamkingia kifua. Nikamuuliza nilimkosea nini, na sauti ikanitoka vibaya. Akasema hakuna, na ndiyo maana alikuwa anaogopa kuniambia. Alisema nilimlea vizuri hata hakumbuki kukosa mama. Alisema nilimchagulia shule, nikamchagulia gauni la harusi, na hata asubuhi ile njiani nilimwambia afunge sweta huku anatokwa jasho, na akalifunga. Alikuwa akiongea taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Halafu akasema hili, na nitaliandika kama alivyolisema kwa sababu tangu jana halijaniacha:

"Nikizalia kwako, huyu mutoto atakuwa wako. Weye njo utamushika, weye njo utamuogesha, akilia ataletwa kwako. Watu watakuita Mama Neema, na yeye pia atakuita mama. Na minye nitabakia kuwa dada yake."

Nilitaka kumwambia si kweli.

Nikafungua mdomo kabisa. Lakini nilikuwa na jina tayari, hilo sijamwambia mtu yeyote. Nilikuwa nimeshaamua mtoto ataitwa nani, akiwa wa kike au wa kiume, na nilikuwa nimeshaamua atasoma darasa langu. Nilikuwa nimeweka kitanda kimoja katika kile chumba cha nyuma, cha Neema. Mahali pa mtoto nilikuwa nimepapima chumbani kwangu, kando ya kitanda changu. Nilijiambia ni ili Neema apumzike.

Kwa hiyo nikafunga mdomo. Mama Rebeka akatuletea maziwa ya mgando katika vikombe vya plastiki, akasimama akimsifu Neema, akasema mwanangu ana uso wa kuzaa msichana. Neema alinywa. Mimi sikuweza.

Kabla hatujanyanyuka Neema alinishika mkono, akaniomba niende Bujumbura mtoto akizaliwa. Nikasema kwa hasira iliyobaki kwamba kule kuna Clarisse, kuna manesi, kuna mafundi wa masinki, mimi nitakwenda kufanya nini.

"Uje," akasema. "Lakini uje kama dada."

Kushuka nilikubali kukaa nyuma. Clarisse alikaa mbele. Alikuwa amejua kila kitu kabla yangu, na amekubali nimwone mbaya kwa ajili ya mdogo wangu siku nzima bila kujitetea, na hilo nalo nimelionea wivu. Alipotufikisha aliniuliza kama tumekuwa na safari nzuri. Nikasema nyumba ni nzuri. Ndilo jibu la kweli pekee nililokuwa nalo.

Leo baada ya ibada nilienda chumba cha nyuma nikakaa. Jirani akapita na majani yake, akaita kama kila siku, Mama Neema, Mama Neema, nimekuletea. Sikuitika mara moja. Nilikuwa nasubiri kuona kama kuna mtu mwingine ndani yangu ambaye angeitika. Akaita tena, nikatoka, nikayapokea, nikamshukuru.

Wivu haujaisha. Ningependa kuandika kwamba umeisha, ningelala vizuri. Nikimfikiria Clarisse amesimama mlangoni mwa chumba cha kujifungulia, namtukana upya kimoyomoyo. Nikifikiri kwamba mikono ya kwanza itakuwa ya mwingine, nataka kupanda mlima kwa miguu na kupiga kelele katika ile sebule tupu. Lakini sasa najua sikuwa namwonea wivu Clarisse peke yake. Nilikuwa nimeanza kumwonea wivu hata Neema, kwa mtoto wake mwenyewe.

Tatizo ni hili. Mama najua. Mama nimekuwa tangu sijaota matiti vizuri. Dada sijui. Sijui dada mkubwa akienda kumtembelea mdogo wake aliyejifungua anakaa kiti gani, anabeba nini mkononi, anamshika mtoto kwa muda gani kabla ya kumrudisha, anaondoka saa ngapi. Sina wa kumuuliza ila mtu mmoja. Kesho asubuhi nitampigia Neema nimuulize anataka nilete nini, na atakachosema nitaleta hicho, sitaongeza.