Ndala Chini ya Kinanda

Mtanda,
Lindi.
18 Agosti 2024

Mpendwa Mjomba Dismas,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Bukoba, na kwamba lile goti limekubali kukufikisha kanisani. Sisi huku hatujambo. Mama anasema mikorosho ya kwetu Kikole imetoa maua mengi mwaka huu, na watoto wanakula kama nzige.

Mjomba, kwanza nakushukuru. Barua yako niliisoma mara tatu.

Kama nilivyokueleza, kanisa letu la kigango linaezekwa upya, hivyo kinanda na spika ya besi vimehamia kwangu tangu Mei, maana mpigaji ni mimi. Mimi na akili zangu nikaiweka spika juu ya kibaraza cha saruji cha sebuleni, ambacho kimeshikana na ukuta tunaochangia na Bi Kidawa. Huyu ndiye aliyenipokea nilipokuja mgeni hapa Mtanda, akamwogesha mwanangu wa kwanza siku zote arobaini. Sasa yumo edani. Mumewe, Mzee Hussen, alifariki mwezi Juni, na kwa miezi minne na siku kumi mama wa watu hatoki. Hana pa kwenda kunikwepa.

Yeye hakusema neno. Ni binti yake, Salima, aliyeniambia kwamba mama ameshusha vikombe vyote vya kabatini na kuvipanga sakafuni, kwa kuwa nikianza kupiga vinagongana. Niliona aibu sana. Nikapigilia blanketi zito ukutani. Sauti ikapungua, vikombe vikaendelea kulia! Hapo ndipo nilipokuandikia.

Nani angejua kuwa ile mashine ya kusaga uliyokuwa nayo Kikole ingeniokoa? Uliniambia nisiamini masikio, niweke kiganja ukutani, kama ulivyozoea wewe baada ya kelele za mashine kuyaharibu masikio yako. Nikaweka. Ukuta ulikuwa unatetemeka kama mgonjwa wa homa. Blanketi linazuia sauti ya hewani, uliandika, lakini mtetemo unapita kwenye saruji.

Basi nikaishusha spika na kuisogeza mbali na ukuta. Chini nikatanguliza vipande vinne vya tairi kuukuu, juu yake ubao mzito, kisha spika. Miguu ya stendi ya kinanda nikaikalisha juu ya ndala zilizokatika za mume wangu Andrea, ambaye mpaka leo anadai moja ilikuwa nzima. Besi nayo nikaipunguza. Salima akaweka bilauri ya maji kabatini kwao, nikapiga wimbo mzima, maji yakatulia tuli. Vikombe vimerudi mahali pake.

Nilidhani yameisha. Juzi alasiri Salima akaja tena, nikadhani vikombe vimeanza upya.

“Mama anakusalimu,” akasema. “Anauliza, dada, mbona siku hizi hupigi? Kama ni kwa ajili yake, anasema usijinyime. Zile nyimbo za polepole marehemu baba alikuwa akizisikiliza barazani. Na mama mle ndani siku hazimwishi.”

Mjomba, nilikuwa nimetoka kupiga saa nzima. Nililia pale pale mlangoni. Kumbe kilichomsumbua ni vikombe tu, na mimi kwa blanketi langu nimemnyima kile alichokuwa anakitaka.

Nisalimie Devota anayekutunza huko, umwambie asante kwa kukuandalia kalamu na karatasi. Andrea na mama wanakusalimu sana. Bi Kidawa naye anakuombea dua, ingawa hajawahi kukuona. Mungu akuzidishie siku, na mikono yako isichoke kujua mambo.

Naishia hapa, maana swala ya alasiri imekwisha kwa jirani, nami naweza kupiga. Tairi na ndala zimebaki pale pale. Blanketi nimelishusha, na upande wa pili wa ukuta kuna mtu anasubiri.

Mpwa wako asiyekusahau,
Apolonia