Chumba cha Makomeno

Mdogo wangu Zuhura,

Salamu kutoka Lubumbashi, ambako baridi ya asubuhi inauma masikio.

Ile hoteli uliyonichagulia, karibu na mstari wa kuanzia marathoni, nimeikataa. Bwana wa mapokezi aliziangalia mvi zangu, akauliza, "Mama, unakuya kushangilia mutoto yako?" Nikamwambia nimekuja kukimbia mwenyewe. Akacheka, akamwita mwenzake aje kunitazama. Nikachukua begi langu, nikatoka.

Nililala Makomeno kwa Mama Ngalula, mwalimu mstaafu anayepangisha chumba. Yeye aliniuliza jambo moja tu: "Mbio inaanza saa ngapi?" Alfajiri nikakuta chai na viazi vitamu mezani, naye amekwisha kuvaa viatu. Tukatembea pamoja hadi mjini.

Nimemaliza, Zuhura, ingawa nyuma ya wote. Nilipofika, mlinzi alikuwa anakunja kamba za barabarani, na Mama Ngalula amemshika mkono. "Usifunge," alikuwa anamwambia. "Muntu yangu iko anakuya."

Nibusie wanao. Waambie mama yao mkubwa hajafikia umri wa kukaa kitako.

Dada yako,
Mwajuma