Alama ya Tabia ya Brody Wasyluk

Norrvallen, 28 Novemba

Kwa Kaka Jesper,

Pokea salamu zetu sote wa hapa nyumbani. Natumaini u mzima, na kwamba klabu hiyo ya hoki ya barafuni ya daraja la pili uliyokopeshwa inakutunza. Mimi mwili haujambo. Mama naye ni mzima, ila kila Jumapili anauliza utarudi lini klabuni kwetu. Tafadhali soma barua hii hadi mwisho kabla hujanipigia simu kunitukana. Nimeichana mara tatu na kuianza upya.

Unajua leo ulikuwa mkutano wa kuamua kama Brody Wasyluk, yule Mkanada wa miaka kumi na tisa aliyechukua nafasi yako, abaki au arudishwe kwao. Septemba alituaibisha, hilo sikatai. Barafu yetu ni pana kuliko ya kwao, naye alimfukuza mpinzani hadi pembeni, akifika anakuta kisahani kimeshapigwa gongo kwenda katikati. Kocha Sixten alimfokea mbele ya wote kwamba hapa si nyuma ya nyumba ya babu yake. Lakini kazi yangu ni kutazama video za mechi na kuhesabu, na hesabu zilianza kusema jambo jingine. Kufikia Novemba alikuwa hafukuzi tena. Anasubiri, anawaacha wengine wahangaike, kisha anatokea pale pale kisahani kinapokwenda. Wewe ulihitaji misimu mitatu kujifunza hivyo, na bado unasahau.

Hata hivyo Bi Gunvor, mkurugenzi wetu wa michezo, hupima vitu vitatu, kila kimoja kwa alama kumi: miguu, macho na tabia. Miguu alimpa nane, macho saba. Tabia alimpa mbili. Unafahamu tabia hupimwa wapi hapa kwetu Uswidi: saa tatu na nusu asubuhi, kwenye kahawa. Asiyekaa na wenzake akala andazi la mdalasini amejiona bora kuliko wao, hata afunge mabao ishirini. Brody hakuwahi kukanyaga chumba cha kahawa. Mtunza vifaa alikuwa akiuliza kila asubuhi, akilitaja jimbo la kwao Brody, "Mfalme wa Saskatchewan bado hajaamka?" na Sixten anajibu, "Mwache bwana, sisi si saizi yake."

Agosti ulinipigia ukasema, "Dogo, makaratasi yote pale yanapita kwako. Tafuta njia, la sivyo usiniite kaka." Hukuuliza tena ni njia gani niliyoipata. Kila wiki uliuliza tu kama bado yupo.

Basi njia ni hii. Brody hajui Kiswidi. Ratiba yake ya wiki nilimwandikia mimi, kwa Kiingereza, na kwenye saa tatu na nusu niliandika: baiskeli ya mazoezi, chumba cha chini, peke yako. Kila asubuhi alishuka akaendesha nusu saa, huku sisi juu yake tukinywa kahawa na kumsema. Wiki kumi na mbili, Jesper. Mara moja aliniuliza kama wengine nao wana zamu yao ya baiskeli. Nikamwambia ndiyo, akanishukuru.

Leo Bi Gunvor aliposhika kalamu kutia sahihi barua ya kumrudisha kwao, niliweka ratiba zote mezani. Nyingine zikaanguka sakafuni. Sixten aliziokota, akasoma mbili, akanitazama kama uchafu kwenye kiatu. Alisema miezi mitatu amemfokea mtoto wa watu kwa kosa la karani. Bi Gunvor hakupaza sauti. Aliuliza kitu kimoja tu, nani alinituma.

Nilitaja jina lako.

Brody anabaki hadi mwisho wa msimu. Mkataba wako hautaongezwa. Barua yao itakufikia pamoja na hii. Mimi nimepewa hadi Ijumaa kukabidhi funguo. Usihangaike kumwambia Mama kwamba nimekusingizia. Nimemweleza yote, la kwangu na lako, naye hajanisemesha tangu mchana.

Wape salamu wenzako wa huko, na Mungu akulinde safarini utakapoamua kuja.

Ndimi mdogo wako,
Elof Sandelin