Bendera Moja Badala ya Mbili

Wirrabool,
Jumanne jioni

Mpendwa Dada Noreen,

Barua yako niliipata Ijumaa, nikaisoma nimesimama palepale kwenye sanduku la posta, mpaka mbwa akadhani kuna msiba. Nimefurahi kusikia goti lako limeanza kukutii na kwamba ngano yenu imesimama vizuri baada ya mvua. Msalimie sana Keith. Mimi mwili haujambo. Usingizi tu ndio umenihama, kama mpangaji aliyeondoka bila kuaga.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya kwenu hupokelewa na Keith, na Keith ana namna yake ya kunyamaza kwenye simu inayomfanya mtu aseme mambo yote kwa mpangilio mbaya. Nimeona bora niandike, niyaseme kwa mpangilio wangu, ambao nao si mzuri sana.

Msimu wetu wa mpira unaujua. Ninyi wa Galta mliufuatilia kwa karibu kuliko sisi, kwa sababu ninyi ulikuwa unawachekesha. Timu yetu, Korongo wa Wirrabool, ilianza kufungwa mwezi wa nne, ikanogewa. Kila Jumamosi baada ya mechi tulikusanyika nyuma ya jengo la klabu, kwenye lile pipa la moto, kutafuta mchawi. Ron Pascoe, ambaye ni mwenyekiti wetu na ndiye anayetukatia nyama mji mzima, alikuwa na hakika kwamba mchawi ni kocha. Alisema Lindsay Quilty anawafundisha vijana kama anafundisha kwaya ya Jumapili, kwa upole na bila mtu kukimbia. Mama Thelma wa pai akamwambia, “Ron, mpenzi, nilikuona ukicheza. Mpira ulikuwa unakukimbia wenyewe.” Watu wakacheka, Ron akahama, akasema basi tatizo ni hizo pai zake, vijana wanakula mbili mbili kabla ya mechi. Thelma akaweka chupa ya sosi chini, akasema pai zake zina makosa mengi lakini hazijawahi kudondosha mpira.

Ndivyo tulivyoumaliza mwezi wa tano, na wa sita. Wengine walilaumu tope. Wengine walisema jezi mpya zina bluu iliyokolea mno, wachezaji hawaonani jioni. Lindsay mwenyewe husimama pembeni ya moto ule ule, anawasikiliza watu wakimchambua kana kwamba hayupo, halafu anauliza kama kuna mtu anataka kuni zaidi. Mimi nilikuwa mshauri wa wote. Niliposikia mtu anamlaumu mwamuzi wa kati, nilikuwa nasema kwa sauti yangu ya kanisani kwamba timu inayofungwa kwa haki haina haja ya kutafuta visingizio. Nilisema hivyo mara nyingi, Dada. Walikuwa wananisikiliza, kwa sababu mimi ndiye mwenye koti jeupe la mwamuzi wa goli.

Mwezi wa nane mambo yakaacha kuwa ya kuchekesha. Ron aliitisha kikao, akasema wazi kwamba tukimaliza msimu bila kushinda hata mechi moja, Lindsay anaondoka, na yeye binafsi haoni klabu ikipata vijana wa kutosha mwaka ujao. Akasema tutaunganishwa na mji mwingine, na jina la Wirrabool litabaki kwenye ghala la nafaka peke yake. Hapo hakuna aliyecheka. Na mechi iliyobaki ilikuwa moja, nayo ilikuwa na ninyi.

Nilikuona siku ile. Gari lenu lilikuwa upande wa jua, pua imetazama uwanja, na kijiko cha mbao umekifunga kwenye antena kwa utepe mwekundu. Kijiko cha timu ya mwisho. Sikukasirika. Kidogo tu. Nilijisemea kwamba Mama angekuwa hai angekuuliza unakorogea nini uji.

Unajua jinsi ilivyokwenda mpaka dakika ya mwisho. Vijana wetu, ambao mwaka mzima walikuwa wanaukamata mpira kama sahani ya moto, siku hiyo wakaukumbatia. Tukaongoza. Mkatufikia. Tukaongoza tena kwa pointi nne. Halafu mwanao Darryl akapanda juu ya mabega ya watu wawili, akaudaka mpira kwa mikono miwili safi, na kabla miguu yake haijarudi chini king’ora kikalia. Mechi imekwisha, lakini aliyedaka kabla ya king’ora ana haki ya kupiga. Kila mtu akasimama alipo. Wakabaki watu wawili tu wenye kazi uwanjani: mpwa wangu na mpira wake, na mimi kati ya nguzo zangu.

Akisukuma mpira safi kati ya nguzo ndefu, ni goli, pointi sita, ninyi mmeshinda na mmeingia kwenye mechi za mtoano. Ukigusa nguzo, hata kama ni kwa unywele, ni pointi moja, na sisi tumeshinda. Darryl alinitazama. Sijui kama ulimwona. Alinyanyua kidole gumba kidogo, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mtoto, akipiga mpira kwenye zizi la kondoo nami nimesimama kati ya mapipa mawili ya maji.

Akaanza kukimbia, na watu wetu wote wakakandamiza honi. Magari yote ya Wirrabool kuzunguka uwanja, na trekta la akina Boyle. Honi ni za kushangilia goli letu, kila mtu anajua, si za kumsumbua mpigaji. Lakini walipiga. Ron alikuwa amelalia usukani kwa kifua.

Mpira ukapita. Mimi nikapiga kiganja kwenye nguzo ya kulia, nikanyanyua kidole kimoja, nikapeperusha bendera moja: nguzo, pointi moja.

Yaliyofuata uliyaona kabla hamjaondoka. Usichokiona ni kule ndani. Wimbo wa klabu, kama unavyojua, hauimbwi mpaka timu ishinde, na ulikuwa umekaa muda mrefu kiasi kwamba nusu ya vijana hawakuujua. Walishikana mabega kwenye duara, wakaimba mstari wa kwanza, wakakwama. Ikabidi wazee wawasaidie kutoka mlangoni. Ron alilia waziwazi, na damu ya nyama bado iko chini ya kucha zake tangu asubuhi. Lindsay alisimama ukutani akiwa ameshika ndoo ya maganda ya machungwa, akisahau kuiweka chini. Wakanivuta na mimi ndani ya duara. Nilifungua mdomo, Dada, lakini kilichotoka hakikuwa sauti.

Jumamosi iliyofuata tukawa na chakula cha kufunga msimu. Mjadala ukageuka kabisa. Watu wale wale wa kwenye pipa walikuwa sasa wanaeleza kwamba walijua tangu mwanzo. Lindsay ni mjanja, alikuwa anawaficha vijana. Jezi ile bluu ina bahati. Thelma aliambiwa pai zake zimejenga misuli, akajibu kwamba hataki misuli, anataka mtu wa kuosha trei. Kisha Ron akasimama, akagonga glasi, akasema msimu huu kila mtu alidondosha kitu, isipokuwa mtu mmoja ambaye alisimama palipo pagumu, mpwa wake mwenyewe akiwa mbele yake, akasema kweli. Wakanipa kikombe. Kimeandikwa jina langu na neno Uaminifu. Herufi moja imekosewa, nikashukuru kwamba angalau hiyo si kazi yangu.

Nilikipokea. Nilishika mikono ya watu. Lindsay alinishika mkono kuliko wote, akaniambia mke wake ameacha kufungasha vitu.

Halafu Ijumaa ikaja barua yako. Ulisema Darryl ameviweka viatu vyake kwenye gunia la sufu, na kwamba hataki kusikia habari ya mpira. Ulisema vijana wa Galta wanamgongea mbao anapopita dukani, tok, tok, wanamwita Nguzo. Hayo niliyasoma nikajibana. Lakini uliandika pia, huku ukijaribu kunifurahisha, kwamba kwenye klabu yenu kuna waliosema mjomba wake ameiba, na Darryl akainuka akawaambia wanyamaze. Akasema Mjomba Merv hawezi. Akasema kama Mjomba Merv amesema nguzo, basi ilikuwa nguzo, na yeye ndiye aliyeipiga vibaya.

Dada Noreen, haikuwa nguzo.

Ulipita safi. Ulipita ndani ya nguzo kwa upana wa bega la mtu, ukizunguka vizuri, nami nilikuwa nimesimama chini yake nikiutazama mshono. Katika miaka yangu yote ya kuvaa koti lile sijaona goli lililo goli zaidi ya lile. Kwa sababu ya honi hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kujua kama kulikuwa na mlio wa mpira kugonga nguzo. Nilijua hivyo. Nililiona gari la Ron, nikamwona Lindsay ameziba uso, na mkono wangu ukaenda kwenye nguzo kabla yangu. Hapana, huo nao ni uongo. Tulikwenda pamoja.

Ningependa kukuambia kwamba nilifanya kwa ajili ya Lindsay, au kwa ajili ya mji. Labda. Lakini nimekuwa nikikaa macho na jambo hili, na ninadhani nilifanya kwa sababu nilitaka kuimba. Mtu mzima, na koti jeupe. Nilitaka mara moja tu niingie kwenye lile duara, badala ya kusimama mlangoni nikiwa na sauti yangu ya kanisani.

Jana asubuhi nilikwenda buchani nikamwambia Ron. Alikuwa anakata mbavu, hakuacha. Akaniuliza, “Merv, ulisikia mlio au hukusikia?” Nikamwambia sikusikia, na kwamba niliona kwa macho yangu. Akasema basi honi zilikuwa nyingi, na mtu hawezi kuapa juu ya kitu katikati ya honi. Nikarudia. Akasema chama kimeshafunga matokeo, mechi za mtoano zimekwisha kuchezwa, Lindsay ameshasaini mwaka mwingine, na mimi nina sura ya mtu asiyelala, niende nyumbani. Akanifungia soseji ambazo sikuziagiza. Nilifika mpaka kwenye gari nikiwa nazo mkononi. Nikarudi, nikaziweka juu ya meza yake, na kile kikombe kando yake. Hakunitazama. Mpaka saa sita mchana Thelma alikuwa amesikia, kwa hiyo mji umesikia. Jioni nilipita pale klabu, na watu waliokuwa wakibishana juu ya mwaka ujao wakaanza kuzungumza habari za mvua. Lindsay peke yake alinifuata nje. Aliniuliza tu kama Darryl anajua.

Ndiyo sababu naandika leo na si kesho. Nataka alisikie kwako, akiwa amekaa, kabla hajalisikia dukani. Usilipunguze makali. Usimwambie kwamba mjomba wake alikosea, kwa maana hakukosea. Mwambie kwamba mjomba wake aliona na akasema uongo, na kwamba yeye Darryl, alipokuwa ananitetea mbele ya watu wake, ndiye peke yake aliyekuwa akisema kwa moyo safi.

Jumapili mna mkutano wenu wa kufunga msimu. Nitakuja. Nitasimama mbele ya watu wa Galta, nitasema kama nilivyoandika hapa, na wakitaka kunigongea mbao, mbao zipo. Kama Keith hataki niingie kwenu, nitakunywa chai yangu kwenye gari, na nitaelewa. Sitaki mtu anitetee. Nimeshatetewa kupita kiasi.

Ndani ya kifurushi hiki utaona bendera zangu mbili, zimefungwa kwa uzi. Nimezifua. Koti nimelirudisha klabu, lakini hizi zilikuwa zangu, alizishona Mama, utazitambua kwa pindo. Mpe Darryl. Kwa goli hupeperushwa zote mbili, na ninadaiwa moja naye, lakini hazifai kutenganishwa.

Unakumbuka kwamba mwamuzi wa goli akishapeperusha, hugeuka kutazama upande wa pili wa uwanja, na yule mwenzake wa kule humjibu kwa bendera zake, kuonyesha ameona na ameandika vilevile. Mpaka ajibiwe hatoki. Hukaa pale na mikono yake chini, hata kama kuna mvua. Jumapili nitakuwa nimeegesha kando ya lango lenu tangu saa nne. Sidai kujibiwa. Lakini kama kuna mtu atatoka barazani akapunga, hata taulo la vyombo, nitaona.

Salamu kwa Keith, na kwa kuku wako, na kwa yule paka asiyenipenda, ambaye naanza kumheshimu.

Ni mimi, mdogo wako,
Mervyn