Ahadi ya Hospitali

Shinyanga, Jumanne jioni

Sijui nimekosea wapi. Ijumaa niliwaambia wafanyakazi wa ghala langu la ngozi kwamba atakayeugua, gharama za hospitali ya misheni ni juu yangu. Nilidhani watafurahi. Wakatazamana tu.

Leo Masanja, mpakiaji wangu hodari, hajiwezi kwa homa. Nikaenda kumchukua kwa mkokoteni wa punda. Mkewe akanipigia goti kwa heshima, kisha akakataa.

“Baba Zuhura, tulikuwa wazima. Wewe ndiye uliyetaja ugonjwa. Ulijuaje?”

Anataka nipeleke mbuzi kwa mganga, niyatengue maneno yangu mbele ya watu. Mimi, Mwislamu, nikiri uchawi nisioujua? Na nikikataa, Masanja akafa...

Mbuzi nimeshamfunga uani. Punda bado sijamfungua mkokoteni.